Siti ya Nyuma

Felisian alikata roho ndani ya gari, kati ya Bunda na Makutano, siku ya Alhamisi saa tisa alasiri, na mdogo wake Pastory, aliyekuwa akiendesha, alijua kabla ya kuambiwa. Tangu walipotoka hospitali Mwanza alikuwa akiisikia pumzi ya kaka yake nyuma ya shingo, pumzi ya kukwaruza kama gunia linaloburutwa juu ya changarawe. Walipopita Bunda ikaanza kuja kwa kuchelewa. Kisha haikuja. Pastory akangoja. Akahesabu nguzo tatu za simu zikipita dirishani, na bado haikuja.

Mguu wake ukahamia kwenye breki.

"Shemeji, usisimame," akasema Dafroza, mke wa Felisian, kutoka siti ya nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayenong'ona kanisani. "Tukisimama watu watakuja kuangalia. Wewe endesha tu."

"Ameshaenda?"

"Endesha, shemeji."

Akaendesha. Hawakuwa na kibali cha kusafirisha maiti, na Pastory hakujua kibali hicho kinatolewa wapi, na nani, na kwa siku ngapi. Alijua tu kwamba asubuhi daktari aliwaambia wampeleke mgonjwa wao nyumbani akapumzike, na sasa alikuwa na maiti kwenye teksi. Viganja vilimlowa jasho mpaka usukani ukawa unateleza. Kabla ya njia panda ya kwenda Butiama, askari wawili walikuwa wameweka gogo barabarani.

Dafroza akakiegemeza kichwa cha mumewe begani kwake, akavuta kitenge mpaka kidevuni, akaanza kumsemesha. "Tumekaribia, mume wangu. Vumilia kidogo tu. Tumekaribia."

Askari akainama dirishani, mkono mmoja juu ya mlango. "Huyo vipi?"

"Mgonjwa, afande. Tunamrudisha nyumbani Nyegina."

"Anaumwa nini?"

Pastory hakujibu. Mwaka ule kimya cha namna hiyo kilikuwa na jina lake, na kila mtu alilijua. Askari akautazama uso wa Felisian, mifupa ya mashavu, midomo iliyokauka. Akaondoa mkono wake mlangoni, akaufuta kwenye suruali mara mbili.

"Pitani," akasema akirudi nyuma. "Pitani, pitani."

Hofu ya yule askari ndiyo iliyowapitisha. Pastory alifika Nyegina, akasimama mlangoni pa zahanati, na aliposhuka hakuweza kufungua mlango wa nyuma. Sista Hana wa zahanati ya misheni ndiye aliyeufungua. Alikuwa amevaa glavu, akampa Pastory jozi nyingine, akamwambia, "Shika miguu. Mimi na Dafroza tutashika huku."

Kabla ya kufa mwili wa Felisian ulikuwa umeachia kila kilichobaki ndani yake. Walipomtoa, siti ya nyuma, ambayo ilikuwa ya kitambaa cha kijivu, haikuwa tena na rangi moja.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Jumapili mchana Pastory alirudi kwake Buhare, akamleta na Dafroza, kwa sababu kule kijijini ndugu walikuwa wameanza kumtengea sahani yake peke yake. Gari aliliegesha nyuma ya nyumba, akalifunika turubai.

Mkewe Ursula alitoka kuwapokea. Alimkumbatia Dafroza, wakalia. Lakini macho ya Ursula yalikuwa kwenye turubai.

"Hilo gari watoto wasilisogelee," akasema alipobaki na mumewe. "Kuku pia. Nitawafungia."

"Sista Hana alisema ukishanawa vizuri hakuna neno."

"Sista Hana hana mtoto."

Walikuwa na watoto wawili wa kike, na mkubwa, Nyamburi, alikuwa na miaka tisa. Saa kumi hivi Nyamburi alikumbuka kuwa kamba yake ya kuruka ilibaki ndani ya gari tangu wiki iliyopita. Aliinua turubai, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono chini ya siti kuipapasa. Ursula alimwona kutoka jikoni. Hakupiga kelele. Alikimbia, akamnyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayemnyanyua mtoto kutoka kisimani, akamburuta mpaka kwenye ndoo. Akachota majivu ya jikoni, akaisugua mikono ya mtoto kwa majivu na sabuni, mbele na nyuma, katikati ya vidole, mpaka ngozi ikawa nyekundu na mtoto akawa analia bila sauti.

"Mama, unaniumiza."

"Umejishika mdomoni? Niambie. Umejishika jicho?"

"Sijajishika."

"Niambie kweli!"

Dafroza alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Ursula alipoinua macho na kumwona, mikono yake ikasimama palepale. Dafroza akarudi ndani, akaketi kwenye mkeka wake.

Jumatano ndiyo ilikuwa inawatisha kwa upande mwingine. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, wageni walikuwa wamejaa mkoani, na mmoja wao, Luhende, alikuwa ameikodi teksi ya Pastory kwa msimu mzima: wiki sita, kuzunguka Bunda, Butiama na vijiji vyote vya katikati, elfu kumi na mbili kwa siku, mafuta juu yake. Kazi kama hiyo Pastory hakuwahi kuipata tangu apunguzwe kazini. Luhende alisema atakuja kulichukua gari Jumatano asubuhi, na alisema jambo moja tu. "Mimi nataka gari safi. Nakaaga nyuma na karatasi zangu."

"Nitalipeleka kwa Wegesa," Pastory akasema. Wegesa alikuwa mwanamke mwenye ndoo na matambara pale Mwigobero ufukweni, alikoosha magari pamoja na wengine watano. "Mia nane tu."

"Wegesa anaoshaga juu," Ursula akajibu. "Anamwaga maji, anafuta vioo, basi. Ile kitu imeshaingia ndani ya sponji. Jua likipiga saa sita, Luhende si atasikia harufu? Lipeleke kwa Stanislausi. Yule anang'oaga siti kabisa. Ana mashine."

"Stanislausi anachukua elfu kumi na nane."

"Najua."

"Mimi nina elfu nne ndani ya nyumba hii."

Walikuwa wakifikiria kitu kimoja na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake akitaje. Ndani, chini ya mkeka wa Dafroza, kulikuwa na bahasha ya rambirambi.

Pastory ndiye aliyeingia. Alichuchumaa mbali kidogo na shemeji yake, akitazama sakafu. Alieleza habari za Luhende, za Jumatano, za wiki sita. Alieleza kwamba gari ni la wote, nusu ilikuwa ya Felisian na sasa ni yake Dafroza, na likikaa bila kazi wote watalala njaa. Alieleza tofauti ya Wegesa na Stanislausi kama mtu anayeuza. Mwishowe maneno yakamwishia.

Dafroza alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema taratibu, "hela waliyotoa watu kumlilia Felisian ndiyo ya kumfuta?"

Dafroza akainua ukingo wa mkeka, akatoa bahasha, akaiweka sakafuni katikati yao. "Chukua. Na mimi nitahitaji kula."

*

Karakana ya Stanislausi ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Makoko, yenye kibao cha herufi nyekundu: USAFI WA GARI NDANI NA NJE KWA MASHINE. Alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka kumi, akarudi na mashine ya kunyonya vumbi, chupa za dawa zenye maandishi ya Kizungu na ovaroli ya buluu aliyoipiga pasi kila siku. Wateja wake walikuwa wakubwa wa maofisini na wafanyabiashara wa minofu ya samaki.

"Kule ziwani wanaoshaga rangi," alipenda kusema. "Mimi naosha gari."

Jumatatu saa mbili asubuhi alifungua mlango wa nyuma wa teksi ya Pastory, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Bwana wee! Ulibeba nini humu?"

Pastory alikuwa ameamka na nia ya kusema kweli. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Lakini kulikuwa na mteja mwingine anangoja, mtu wa ofisini mwenye gazeti, na yule mtu aliinua macho kutoka kwenye gazeti lake.

"Mbuzi," akasema Pastory.

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa msiba. Aliugua njiani, ikabidi tumchinje humohumo."

Stanislausi akacheka. "Mlimchinjia kwenye siti! Nyie watu wa Nyegina bwana." Akaikunja mikono ya ovaroli. "Sawa. Hii nitang'oa siti yote, nivue kitambaa, nifue na sponji, nikaushe. Njoo kesho jioni. Hela mbele."

Pastory akalipa. Akaondoka kwa miguu, na njia nzima alikuwa akitembea haraka kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa amemgeuza kaka yake mbuzi, na yule mtu wa gazeti alikuwa ametabasamu.

Nyumbani alimkuta Ursula akipepeta dagaa uani. Akamwambia mambo yamekwenda vizuri.

"Alisemaje ulipomwambia?"

Pastory akavua viatu polepole. Kimoja. Cha pili.

"Baba Nyamburi. Ulimwambia?"

"Nilisema ni mbuzi."

Ungo ukasimama hewani. Ursula alitazama mlangoni kuona kama Dafroza amesikia, kisha akashusha sauti. "Felisian ndiye mbuzi?"

"Ningesemaje? Kulikuwa na watu. Angekataa. Angekataa halafu mji mzima ungejua, halafu Luhende angejua."

"Anavaaga glavu huyo Stanislausi?"

"Sikuona."

"Hukuona." Ursula akaweka ungo chini. "Wewe siku ile ulipewa glavu. Mimi mtoto wangu nimemsugua mikono mpaka akalia, na alikuwa amegusa kamba tu. Huyo mwenzetu anaingiza mikono yake mle mzima mzima, na ana watoto wanne. Mikono yake si mikono?"

"Sista Hana alisema uchafu ukishakauka..."

"Sasa mbona nilipomsugua mtoto hukuniambia hivyo?" Akachukua kitenge chake kwenye kamba. "Toa baiskeli."

*

Aliendesha baiskeli na Ursula nyuma. Pastory aliomba moyoni akute kazi haijaanza. Aliomba Stanislausi awe ameanza na gari la yule mtu wa ofisini. Walipofika, gari la yule mtu lilikuwa limeshaondoka, siti ya nyuma ya teksi ilikuwa chini kwenye saruji, imevuliwa kitambaa, na Stanislausi alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umezama katikati ya spiringi mpaka kiwiko, akikwangua kwa brashi na kupiga mluzi.

Alipowaona akautoa mkono. Kwenye kifundo cha kidole cha kati palikuwa na mchubuko, na mstari mwembamba wa damu ulikuwa unashuka.

"Ah, spiringi zenu zina meno," akasema. Akaunyonya ule mchubuko, akatema.

Ursula akashika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Stanislausi," Pastory akasema. "Haikuwa mbuzi."

"Nini?"

"Alikuwa kaka yangu. Alifia humo. Alikuwa na... alikuwa anaumwa ugonjwa huu."

Stanislausi alibaki na brashi mkononi. Mwanzoni uso wake haukubadilika hata kidogo. Akautazama mchubuko, akaitazama siti, akamtazama Pastory. Kisha akatembea mpaka kwenye pipa la maji, hakukimbia, akanawa. Akanawa tena kwa sabuni. Akachukua chupa ya petroli akajimwagia mkononi, akauma meno kwa maumivu, akanawa tena. Pale ndipo pumzi zilipoanza kumpanda.

"Umeniua," akasema.

"Twende kwa Sista Hana. Sasa hivi. Nitakulipia, atakueleza..."

"Usinisogelee! Umeniua, Pastory! Nilikukosea nini mimi?" Sauti yake ikapanda mpaka barabarani. "Nilikuuliza! Si nilikuuliza ulibeba nini? Jamani, njooni mwone! Mtu amebeba maiti ya ukimwi ananiletea mimi nioshe kwa mikono!"

Watu wakaja. Wakatoka dukani, wakatoka kwa fundi baiskeli, wakasimama nusu duara, wasiwe karibu sana. Stanislausi alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akaiburuta siti mpaka kando ya barabara, akaitupa kwenye vumbi. Akatupa na kitambaa. Akatupa na brashi yake mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni alivuka upande wa pili.

"Gari lako toa! Na hela yako hurudishiwi. Nitaitumia kwenda kupima."

"Ni haki yako," Pastory akasema.

"Usiniambie haki!" Stanislausi alikuwa analia sasa, mtu mzima mwenye ovaroli ya pasi, akilia mbele ya watu.

Ursula ndiye aliyeinama kwanza. Alijifunga mifuko ya nailoni mikononi kama alivyomwona mwenye karakana akifanya, akashika upande mmoja wa siti. Pastory akashika upande wa pili. Hakuna aliyewasaidia. Walipoiingiza kwenye buti haikuenea, ikabaki imetokeza nje, na hivyo ndivyo walivyokatiza mjini mchana kweupe, baiskeli ikiwa imefungwa juu. Mtu mmoja kwenye kijiwe cha teksi aliita, "Pastory, vipi, umefungua gereji?" Mwenzake akamnong'oneza kitu, na kicheko kikakatika.

*

Jumanne asubuhi walikwenda Mwigobero. Dafroza alisema atakwenda nao. Pastory akamkumbusha kwamba mfiwa hatoki nje mapema hivyo. Dafroza akajibu, "Mimi nani ataniuliza?" akaingia akaketi mbele.

Pastory alisimamisha gari mbali na wengine, hatua kama ishirini kutoka majini. Wegesa alikuja na ndoo yake, mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, sketi ameifunga kiunoni.

"Kabla hujagusa, dada," Pastory akasema, "sikia kwanza." Akamweleza yote. Safari hii hakungoja watu waondoke. Alisema kaka yake alifia pale nyuma, akataja ugonjwa kwa jina lake, akasema alimdanganya Stanislausi na Stanislausi akajikata. Aliposema hivyo waosha magari wengine wawili walivuta ndoo zao, wakasogea mpaka nyuma ya mawe.

Wegesa hakusogea. Lakini hakusogea mbele pia.

"Kaka yako wa tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Nani alimshika wakati anakata roho?"

"Mimi," Dafroza akasema kutoka garini.

Wegesa akaweka ndoo chini. "Wa kwangu nilimwosha miezi saba," akasema. "Mwaka juzi. Ndugu zake walikuwa wananiwekea maji mlangoni halafu wanakimbia. Hakuna aliyeniambia kuna glavu." Akaitazama siti iliyotokeza kwenye buti. "Naogopa, kaka. Nisikudanganye. Mna jiki?"

Ursula akaonyesha chupa. Alikuwa ameamka alfajiri akaenda mpaka Nyegina kwa baiskeli, na Sista Hana alimpa jiki, jozi nne za glavu, na maelezo ambayo aliyarudia njia nzima ya kurudi ili asiyasahau: sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, acha ikae, usikimbilie kusugua. Ujumbe mwingine wa Sista aliupeleka kwa Stanislausi, akausemea dirishani kwa sababu hakufunguliwa mlango: damu ya siku nne iliyokauka si ya kuogopa kama ile mbichi, lakini aende akapime, na baada ya miezi mitatu apime tena.

"Basi mimi nachota maji na kuwaonyesha," Wegesa akasema. "Ninyi mnaosha. Maji machafu tunayamwaga kwenye shimo, siyo ziwani. Watu wanakunywa haya."

Wakaosha. Ilichukua asubuhi nzima. Ursula alimimina dawa kwa mkono ulionyooshwa, uso ameugeuzia pembeni, na kila tone lililoruka lilimfanya ashtuke. Pastory alikwangua sponji. Kwenye kona moja, upande wa kulia, palikuwa na doa ambalo halikutaka kutoka, na Pastory akakazana nalo, akikwangua kwa nguvu, akikwangua kama mtu anayepigana nalo.

"Ngoja," Dafroza akasema. Alikuwa ameshuka. "Hapo alilaza kichwa. Hapo niachie mimi."

Akavaa glavu, akapiga magoti, akaosha pale polepole, kwa miduara midogo, kama anavyooshwa mtu. Wegesa akainama kando yake akamwagia maji. Pastory akatembea mpaka ukingoni mwa ziwa, akasimama akiwapa mgongo. Hakuwa amelia mazishini.

Mchana Pastory alipouliza bei, Wegesa akasema, "Mia nane. Si ni gari?"

*

Luhende alikuja Jumatano saa moja asubuhi kama alivyoahidi, shati jeupe, mkoba wa karatasi mkononi. Siti ilikuwa imekauka, imerudishwa mahali pake, na Ursula alikuwa ameivisha mashuka yake ya harusi. Gari lilinukia jiki tu.

Luhende hakufungua mlango. Alisimama hatua tatu akalitazama kupitia kioo.

"Nimesikia habari za msiba, bwana Pastory. Pole sana."

"Asante, mzee. Gari lipo tayari."

"Naliona. Mmelisafisha vizuri." Akahamisha mkoba mkono wa pili. "Mimi binafsi sina neno. Mimi nimesoma, najua haiambukizi hivyo. Ila nabeba wageni wa kampuni, unaelewa. Watu wanaongea."

"Ukitaka, nitalala humo leo uone," Pastory akasema. "Nitawalaza wanangu humo."

Ursula aligeuka kumtazama mumewe. Luhende aliangalia saa yake. "Haitakuwa lazima," akasema, akatoa noti ya elfu moja kwa ajili ya msiba. Kwa kuwa Pastory hakunyoosha mkono, akaiweka juu ya boneti. Barabarani teksi nyingine ilikuwa ikimngoja, siti zake zimechanika na buti limejaa magunia ya dagaa. Akaingia nyuma, akafunga mlango.

Kwa siku kumi na mbili Pastory alikaa kijiweni bila abiria hata mmoja. Watu walifika, wakauliza bei, mtu akawanong'oneza, wakaenda kwenye gari la nyuma yake. Siku ya nane madereva wenzake walimwomba, kwa heshima, awe anaegesha upande wa pili wa barabara, kwa sababu anawaharibia foleni. Akahamia upande wa pili. Ursula aliuza mashuka mengine ya ndani, kisha redio. Dafroza aliuza kuku wake wawili aliokuwa amewaacha Nyegina. Stanislausi alipita mara moja, akaona gari, akageuza njia. Alipima mara ya kwanza, na baadaye, miezi mitatu ilipopita, angepima tena na kukutwa mzima, na hata hivyo hakumsalimia Pastory tena.

Siku ya kumi na tatu Pastory hakwenda kijiweni. Alikuwa nyumbani amekaa kwenye kigoda akiongea na mkewe habari za kuliuza gari, nani atalinunua na kwa bei ya chuma au ya gari, wakati mzee mmoja alipobisha hodi uani. Alikuwa amevaa koti zito kwenye jua, na alikuwa anahema.

"Ndiyo kwa mwenye teksi?"

"Karibu, mzee."

Mzee hakukaa. "Nimeambiwa kuna teksi inabebaga," akasema.

Pastory alielewa papo hapo. "Inabeba nini, mzee?"

"Binti yangu. Dorotea. Yuko hapa hapa Buhare, chumba cha kupanga. Nimekuja kumchukua nimrudishe kwa mama yake, ng'ambo ya Butiama. Nimeenda kwenye magari matatu tangu asubuhi. Wakimwona wanasema gari bovu." Akavua kofia. "Hela ninayo. Siombi bure."

Pastory akatazama mikono yake. Aliiona barabara yote, lami, gogo la askari, mikono inayofutwa kwenye suruali. Akafikiria kusema na lake ni bovu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akamtazama mkewe, akitumaini atasema yeye.

Ursula alikuwa amenyauka uso. Aliinuka, akaingia ndani, na Pastory akasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Alitoka na shuka la nailoni na zile glavu zilizobaki, jozi moja. Nyuma yake Dafroza alisimama mlangoni.

"Anaweza kukaa mwenyewe?" Ursula akamuuliza mzee.

"Hawezi. Anaangukaga. Na mimi mikono yangu haina nguvu."

Walimkuta Dorotea ameketi kwenye kizingiti, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyeonekana kama hamsini, amevaa gauni lake zuri kwa ajili ya safari, na majirani wote wamefunga milango. Pastory akafungua mlango wa nyuma. Msichana akaitazama siti, akaona ilivyo safi, na akarudi nyuma hatua moja.

"Nitachafua," akasema.

"Utachafua, tutaosha," Ursula akasema. Akaingia yeye kwanza, akasogea mpaka dirisha la pili, akavaa glavu, kidole kimoja kikaingia tundu lisilo lake, akakitoa, akakirudisha. Kisha akanyoosha mikono yote miwili nje ya mlango ampokee.